Kondoo Nisiyemuonja

Jumatano, 2 Oktoba

Nesi Seema wa kliniki ya pua kaniambia niandike kila siku nimesikia harufu gani. Kanipa vichupa vinne: waridi, ndimu, mkaratusi, karafuu. Asubuhi na jioni, kila kimoja nihesabu mpaka ishirini. Nikamwambia, mwanangu, mimi niliacha skuli darasa la tatu, kuandika si kazi yangu. Kasema andika kwa lugha yako, hata neno moja. Haya, naandika. Kiswahili hakijui, kwa hivyo nitaandika nitakacho, yeye atahesabu kurasa.

Mimi Shaame Faki, mtu wa Konde, Pemba, umri sabini na mbili. Mpishi mkuu wa mkahawa wa Kitaliano hapa Walthamstow, nyuma ya mtaa wa soko, mwaka wa thelathini na moja huu. Hajazaliwa London mtu wa kupika kondoo wa mvinyo kunishinda, na Wataliano wenyewe wanakubali. Na sijawahi kumuonja. Tone la mvinyo halijapita mdomoni mwangu, wallahi, wala kijiko cha mchuzi wake. Napika kama mama zetu wanavyopika mwezi wa Ramadhani: chumvi kwa kiganja, tui kwa jicho, kilichobaki pua. Mama amefunga, haonji, na futari haikosi chumvi. Basi mie jikoni mwa Wataliano nimefunga miaka thelathini na moja.

Homa ya mwezi wa nane ndiyo iliyoondoka na pua yangu. Mkahawani hajui mtu, na hatajua mtu.

Waridi, hakuna. Ndimu, hakuna. Mkaratusi, hakuna. Karafuu, hakuna. Mpemba hasikii karafuu! Nikifikiri nacheka, kisha sicheki.

Alhamisi, 3 Oktoba

Hakuna. Mvua.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo sina kazi, nieleze. Zahra akija kuisoma siku moja ajue babake alikuwa nani. Zahra ni binti yangu, nakaa kwake Edmonton. Yeye ni msimamizi wa nyumba ya wazee, na kwa macho yake kila aliyepita sabini anatakiwa akalishwe kwenye kiti apewe chai ya vuguvugu.

Mwenye mkahawa alikuwa Donato, marehemu sasa. Kwao ni Abruzzo, milimani huko Italia, na mvinyo wa kwao ni mwekundu, unaitwa Montepulciano. Kila mwaka ndugu zake walimletea chupa za shamba lao wenyewe, hazina hata karatasi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naosha vyombo. Nikapita na sinia karibu na glasi yake, nikasimama. Nikamwambia, hii inanuka zambarau zilizoanguka chini zikakanyagwa. Akanitazama. Akaniuliza, inataka chakula gani? Nikamwambia zambarau huacha ukakasi mdomoni, ulimi ukawa kama umepakwa vumbi, na dawa ya ukakasi ni mafuta. Mpe kondoo, tena mnono.

Siku ile ile akanitoa kwenye sinki akanipeleka kwenye moto.

Chakula chenyewe cha kwao, kumbe mishkaki! Wameipa jina refu, arrosticini, lakini ni mishkaki ya kondoo, vijipande kama dadu, nyama na mafuta kwa zamu, chumvi tu, makaa ya moto. Hiyo ndiyo ya mvinyo mpya, ambao bado una hasira. Mvinyo uliolala mwaka kwenye pipa umetulia, huo unataka tambi zao za kukatwa kwa nyuzi, na vinofu vya nyama vidogo kama njugu. Uliolala miaka mitatu ni mzee mwenye heshima zake, na huo ndio wa kondoo wa saa nne motoni, aliyepikwa ndani ya mvinyo huo huo, na jibini kavu ya kondoo pembeni.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba ni karamu ya mchana. Chupa mpya zimefika, wageni wamejaa, na hakuna anayegusa glasi mpaka mie ninuse mbele yao niseme hii ya nini na hii ya nini. Karamu hiyo Donato aliiita Pua ya Shaame. Picha yangu ipo ukutani, nimeinamia glasi. Sasa mkahawa ni wa bintiye, Loredana, na Loredana kashasema: baada ya karamu ya mwaka huu ataamua nani abaki na jiko. Mimi, au Euphrasie.

Karafuu hakuna.

Jumamosi, 12 Oktoba

Euphrasie ni mama wa Bukavu, Kongo, hamsini na kitu, yuko chini yangu mwaka wa sita. Mikono yake mizuri. Pua hana. Angepewa ruhusa angetia pilipili hata kwenye maziwa.

Na maziwa ndiyo yaliyoniudhi leo. Nimeyaweka motoni, nimesimama hapo hapo nakata vitunguu, mara mkono wake unapita mbele yangu anazima.

"Papa Shaame, ile maziwa iko inaungua."

"Naona."

"Ulikuwa unaiangalia?"

"Nilikuwa nataka yaungue kidogo. Hujui wewe. Ndivyo wanavyofanya Abruzzo."

Akasema sawa Papa, akamwaga, akaosha sufuria bila kuulizwa. Mtu wa kujipendekeza.

Jumanne, 22 Oktoba

Meza tatu zimeita mpishi leo! Wanataka kumshika mkono aliyepika kondoo. Mzee mmoja anakuja tangu enzi za Donato, kasema kondoo wa mwezi huu hajapata kutokea. Nikamwambia pua, bwana, pua. Na kweli nilivyotoka pale nilikuwa natembea kifua mbele.

Kumbe hata bila pua naweza. Mkono wenyewe umeshajua njia.

Hakuna, hakuna, hakuna, hakuna.

Ijumaa, 25 Oktoba

Baada ya sala Miraji kanisubiri kwenye viatu. Tumetoka Pemba pamoja na hajaacha ulimi wake.

"Ehe mzee! Nasikia karamu ya walevi inakaribia."

"Sinywi, nanusa. Pua haina dhambi."

"Haya. Siku pua yako itakapoitwa kutoa ushahidi, mie sitaki kuwa karibu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwenye basi nikawa nawaza: labda imeshaitwa. Labda iko huko inaulizwa, ndiyo maana haipo hapa.

Jumatatu, 4 Novemba

Ukungu tangu juzi. Nimemuona Euphrasie anafunua chungu changu, anatia kijiko, anaonja, kisha anatia kitu. Nikamuuliza unatafuta nini humo. Kasema anakoroga. Chungu cha mwenzio hakikorogwi. Namuweka jichoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimemkamata.

Nilishuka stoo kuchukua unga. Napanda, nakuta chungu changu cha kondoo kimeinamishwa kwenye sinki na mchuzi wote unakwenda na maji. Nyama kazitoa kwenye bakuli kazisuuza kama nguo. Mchuzi wa saa tatu!

"Unamwaga kazi ya mikono yangu?"

"Papa, ile mvinyo uliyotia ilikuwa..." Akanyamaza, maana Loredana alikuwa ameshaingia.

"Kuna nini hapa?" Loredana anauliza.

Nikasema yote. Nikasema huyu ananiharibia vyungu tangu mwezi uliopita, anataka kiti changu kabla ya karamu, namuona anapekua, namuona anatia vitu. Nilisema kwa sauti, waosha vyombo walisikia, na wahudumu walisikia mlangoni.

Loredana akamgeukia. "Ni kweli unagusa vyungu vyake?"

"Ndiyo, madame."

"Kwa nini?"

Euphrasie hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Akanisemesha Kiswahili, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Papa, niseme?"

Mvuke ulikuwa unapanda kati yetu. Nikamwambia, "Sema! Una nini wewe cha kusema?"

Akafuta mikono. Akasema, "Bon. Sina neno." Akafungua aproni akaikunja mara nne, taratibu, akaiweka juu ya meza ya kukatia nyama, akatoka na kibegi chake. Loredana kasema ndiyo basi, na barua ya kumsifu kazi hatampa, mtu anayeharibu chakula hasifiwi.

Nimeshinda.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna. Sahani mbili za kondoo zimerudi jikoni hazikuliwa. Loredana kauliza kulikoni. Nikasema nyama ya leo haikuwa na mafuta.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeandika nimeshinda. Mtu akishinda haamki alfajiri kukaa kitandani. Niseme hapa, maana hapa hasomi mtu: nilijua alichotaka kusema. Aliponiuliza aseme, nilijua. Nilimwambia sema kwa sababu nilijua hatasema.

Leo nimemkuta kituo cha basi cha Edmonton, mvua inanyesha, kavaa fulana ya wafagiaji juu ya koti. Anakwenda Stratford, anasafisha ofisi. Kazi ya jiko hapati, kila anapokwenda wanataka barua. Mimi nikageuza uso. Yeye ndiye aliyenisalimu.

"Papa Shaame. Umekula?"

"Nimekula."

"Karamu iko karibu." Akasogea chini ya paa. "Zile chupa za ndugu za Donato, zingine zinaharibika mu njia. Mbele ya kumimina, uonjeshe mtu. Mtu yeyote, hata mwenye kuosha sahani."

"Shaame haonjeshi mtu."

"Najua," akasema.

Basi likaja. Lilikuwa langu pia. Nikaliacha liende, nisikae naye, nikasimama pale dakika ishirini ninalowana kwa kiburi changu mwenyewe.

Jumamosi, 30 Novemba

Chupa zimefika, zimezibwa kwa nta kama zamani. Zahra kaona vichupa vyangu chini ya mto. "Baba, hivi ni vya nini?" Nikamwambia dawa ya mafua. "Mafua tangu August, Baba?" Nikamwambia kalee wazee wako.

Karafuu hakuna. Nimeitafuna leo, kavu. Ulimi umekufa ganzi, ukali upo, uchungu upo. Karafuu yenyewe haipo.

Jumamosi, 7 Desemba

Upepo tangu jana, soko limefungwa, maturubai yanaruka barabarani. Nikasema labda wageni hawatakuja. Walikuja wote. Hamsini na wawili.

Nifanye haraka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Chupa nilifungua mwenyewe, jikoni, peke yangu, ndiyo desturi. Nikamimina glasi mwenyewe. Mvinyo mpya nilitazama rangi yake, zambarau tupu, povu la waridi ukingoni. Nikatoka, nikainama, nikanusa hewa. Nikasema huu una hasira, mpeni mishkaki. Wakapiga makofi. Wa pili nikautazama unavyoteleza kwenye glasi, nikasema huu umelala vizuri, mpeni tambi. Wakapiga makofi. Miaka thelathini na moja, mdomo wenyewe unajua la kusema.

Wa tatu, mzee wa miaka mitatu. Nikauinua. Rangi ilikuwa imegeuka kama tofali, lakini mvinyo mzee hugeuka tofali, si ajabu. Nikatia pua ndani kabisa. Kama kutia pua kwenye dirisha. Na hapo nikasikia sauti ya Euphrasie: uonjeshe mtu.

Mtu hakuwepo. Nilikuwepo mie. Ulimi wangu haujafa, ukali ungeujua. Tone moja tu. Ukingo wa glasi ulinigusa mdomo, niliusikia ubaridi wake, watu hamsini na wawili wananitazama, na mimi nawaza: sasa hivi najua, sasa hivi naokoka. Nikakumbuka mama yake Zahra siku niliyopata kazi hii. Alisema, nenda Shaame, lakini rudi na mdomo ulioondoka nao. Amekufa nikiwa na mdomo huo.

Nikashusha glasi. Nikasema kwa sauti kubwa, "Huu ndio mfalme wao. Mwaka huu haujapata kutokea. Huu ni wa kondoo."

Hakupiga makofi mtu.

Mama mmoja meza ya mbele aliweka kitambaa puani. Yule mzee wa enzi za Donato alitazama sahani yake. Kijana mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Loredana akaja, akachukua glasi mkononi mwangu, akaisogeza usoni, na macho yake yakajaa maji hapo hapo. Ilikuwa siki. Chupa zote za huo mvinyo wa tatu zilikuwa siki, ukumbi mzima ulikuwa unanuka siki tangu natoka mlangoni, na mimi katikati yao naisifu.

Na kondoo alikuwa amepikwa ndani yake.

Jumapili, 8 Desemba

Loredana kapiga simu. Sauti yake ya upole, bora angetukana.

"Ulikuwa na mafua, Shaame, siyo? Nimewaambia wageni ulikuwa na mafua."

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Tutafanya sherehe ndogo ya kukuaga mwezi wa kwanza. Picha itabaki ukutani. Mpishi mwingine nitatafuta. Mafua, eh?"

Njia ilikuwa imefagiliwa, nipite tu. Nikasema, "Ndiyo, mafua."

Zahra alikuwa mlangoni. Kaniletea chai, na ilikuwa ya moto.

Jumanne, 10 Desemba

Siku mbili sikulala vizuri. Leo nimepanda basi nikaenda mkahawani kabla hawajafungua. Loredana alikuwa anapanga viti.

"Si mafua," nikamwambia. "Pua imekufa. Tangu Agosti."

Aliweka kiti chini. "Agosti. Na Oktoba? Kondoo wa Oktoba, aliyesifiwa na kila mtu?"

"Wa Euphrasie."

"Sikuelewa."

"Mimi nilikuwa naharibu, yeye anatengeneza. Siku ile alimwaga kwa sababu nilitia mvinyo uliooza. Aliniuliza aseme, nikajua hatasema. Nimemfukuzisha mtu aliyekuwa ananisitiri."

Nilidhani nikisema kifua kitakuwa chepesi. Haikuwa hivyo. Loredana alinitazama, usoni kama babake, akasema, "Ningekuweka, unajua. Ungeniambia Agosti ningekuweka ukae pale useme, na yeye aonje." Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Shaame."

Sikuuliza habari ya picha. Wakati natoka nikaona ameshika simu.

Jumatano, 18 Desemba

Mchana leo kengele imelia. Euphrasie, na bakuli lenye kifuniko mkononi. Jiko limekuwa lake tangu Jumatatu, Loredana kamuandikia barua na cheo. Nilisimama mlangoni nikakosa pa kuweka mikono.

"Utaniacha inje, Papa? Baridi iko mingi."

Akaingia, akakaa na koti lake. Nilikuwa nimeshapanga maneno tangu ile Jumanne. Lilitoka moja tu. Nikasema, "Nimekukosea."

"Ndiyo," akasema. "Umenikosea mingi sana. Nimefagia choo za watu wiki nne." Hakulainisha. Akaliweka bakuli mezani. "Ile kondoo yako. Haina mvinyo, usiogope. Nyama nimenunua kwa mchinjaji wenu wa halali, nimepikia mu sufuria mpya. Nimetia ukwaju na zile zambarau za kukausha, mahali pa mvinyo. Myaka makumi tatu umepika hujala. Kula."

"Ukwaju! Nani kakuambia kondoo wa Abruzzo anatiwa ukwaju?"

"Eh, Papa Shaame. Kula kwanza, utanigombeza nyuma."

Akaondoka, zamu yake ilikuwa inaanza. Nikamuona dirishani anavuka kwenda kituoni, haangalii nyuma.

Nimekaa nikafungua. Mvuke ulinipiga usoni, wa moto, wa maji tu. Nikapiga bismillahi nikatia tonge mdomoni. Nyama inaachia mfupa, mafuta yanateleza, hiyo naijua kwa vidole. Nikatafuna kwa makini kama mtu anayetafuta sindano. Ukwaju ulikuja, ukali wake. Uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nikangoja. Nikangoja huyo kondoo wangu, niliyempika maelfu ya mara, waliyevuka mji watu kuja kumla. Hakuja. Nimemaliza bakuli zima na sijui ladha yake, na sasa sitaijua.

Nesi Seema, haya ndiyo ya leo.

Waridi, hakuna.
Ndimu, hakuna.
Mkaratusi, hakuna.
Karafuu, hakuna.
Chumvi ya Euphrasie, ipo. Imekaa sawa. Mimi nisingeiweka vizuri zaidi.